Zamu Haikaushi Udongo

Kwa ninyi mnaobaki kwenye idara ya zana za kilimo hapa Ifakara: nimestaafu na magoti mabovu, masikio yaliyozoea mlio wa injini kuliko sauti za watu, na hasira moja ambayo sikuweza kuirudisha stoo pamoja na vifaa vingine. Ni hasira ya udongo mbichi. Nilisema kwamba bustani mbichi hailimwi kwa mashine. Nilisema mikutanoni, nikasema mashambani, nikasema kwenye foleni ya kukoboa mpunga, na Jumapili moja nikasema nje ya kanisa, padri akiwa bado anapeana mikono na waumini. Watu waliitikia vizuri sana. Kisha wakaenda kulima bustani mbichi.

Ningeweza kuondoka na hasira hiyo kimya kimya. Naandika kwa sababu ya mama mmoja, Verediana, mwenye bustani upande wa kuelekea Kivukoni, ambaye alikaribia kufukuzwa kwenye kikundi na kubaki bila bustani kwa kosa la kunitii. Nitamfikia. Kwanza mjue nilifikaje pale, maana kosa lile lilichukua miaka kukomaa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Lupiro, ng'ambo ya mto, enzi ambazo daraja lilikuwa bado ahadi. Nilivuka kwa kivuko nikiwa nimesimama kando ya pawatila mpya, imefungwa kamba kila upande kama dume lililouzwa bila kuulizwa. Wavuvi kwenye mitumbwi walitaka kujua inakula nini. Ninyi mmezikuta pawatila kila kona, lakini wakati ule ilikuwa jambo la kutazamwa: injini mbele, majembe yanayozunguka chini, na nyuma mtu anatembea ameshika mikono miwili mirefu, anadhani yeye ndiye anayeongoza. Nilikuwa nimejifunza kuiendesha chuoni, kwenye udongo wa kichanga wenye adabu.

Siku ya pili tu nikaitwa kuonyesha maajabu. Wakanichagulia bustani ya mboga nyuma ya zahanati. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka asubuhi, na udongo wa mfinyanzi ulikuwa mweusi, unang'aa kama mgongo wa kambale. Nikawasha. Majembe yakazunguka kidogo, yakajivika tope, yakageuka mabonge mawili yasiyo na makali. Nikafanya anachofanya kila mgeni wa kazi: nikaongeza mwendo. Mashine haikwenda mbele, ikaenda chini. Nilipopata akili ya kuizima, tumbo lake lilikuwa limelala juu ya tope, nami nimezama mpaka pindo la sketi.

"Bibi shamba," mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "umekuja kulima au kuzika?"

Walioniokoa ni maksai wawili wa Msukuma mmoja aitwaye Masanja. Walifika ukingoni mwa bustani wakakataa kukanyaga ndani. Masanja hakuwapiga. Aliunganisha minyororo mpaka ikatosha, akawavutisha kutoka pakavu.

"Unaona, dada," akaniambia huku mashine ikitoka kwa mlio wa kinyaa, "hawa hawajapita chuo, lakini wanajua pa kukataa."

Bustani ile ilibaki na mabonge yangu mwaka mzima. Jua lilipowaka yakawa mawe. Muuguzi aliyekuwa anailima alinisalimia vizuri kila tulipokutana barabarani, kisha akavitazama viatu vyangu.

Nilipohamishiwa Ifakara nikaangukia mikononi mwa Fundi Gaudensi. Alikuwa mtu wa Mahenge, mfupi, mwenye karakana ya mabati na sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Nilimpelekea pawatila iliyokuwa inavuja oili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeniletea mashine au umeniletea shamba?"

Alichukua spoku ya baiskeli, akaanza kuchokoa tope lililojisokota kwenye mhimili wa majembe, tope na nyasi na uzi wa nailoni, vimekazana kama kamba ya kitanda. Akanionyesha chini yake: ule mpira unaozuia oili isitoke, sili, ulikuwa umeliwa wote. Tope huila sili, oili ikatoka, gia zikasagana kavu, kisha mtu anakuja kwako anasema mashine za siku hizi hazina ubora. Nilipoanza kujieleza akaninyamazisha. "Usinieleze mashine imeharibikaje. Nieleze udongo ulikuwaje."

Kila nilichowafundisha ninyi kuhusu jambo hili kilitoka kwake. Kabla ya kuwasha alivua viatu akatembea shamba lote pekupeku, kwa kuwa nyayo hujua penye maji kabla ya macho. Kisha akachimba kwa jembe la mkono, kina cha kiganja. Uso wa udongo ni mwongo, alisema, hukauka mapema ili usifiwe. Akachukua ule wa chini, akaufinya mkononi, akaudondosha kutoka usawa wa kiuno. Ukipasuka, washa. Ukianguka ukabaki bonge, rudi nyumbani. Na ukiusugua kwa dole gumba ukang'aa kama umepakwa mafuta, hata hiyo mashine usiishushe kwenye toroli. Mfinyanzi, alisema, una siku chache za utu. Kabla ya siku hizo ni gundi, baada yake ni tofali.

Sasa, ugonjwa wa bonde letu uko hapa, na mtaalamu anayetoka nje hawezi kuuona. Sisi ni watu wa mpunga. Kwenye jaruba tunaingiza maji kwa makusudi, tunaivalisha pawatila magurudumu ya chuma, tunachavanga mpaka shamba linakuwa uji. Tope ndilo tunalolitafuta, na ile sakafu ngumu inayojijenga chini ndiyo inayoyashika maji yasipotee. Mtu wa hapa akiona tope anaona wali. Mwambie mtu huyo kwamba hatua chache kutoka kwenye jaruba lake, kwenye bustani ya nyanya, tope lile lile ni msiba, na sakafu ile ile itaizibia mizizi njia. Atakutazama kama umemtukania mama yake.

"Mbona mashine ni hiyo hiyo?"

Nimeulizwa swali hili mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nalitambua kwa nyayo. Mtu akija ofisini anaburuta viatu vizito, nilimjibu kabla hajakaa.

Baadaye zikaja hizi mashine ndogo za bustani, za petroli, zisizo na magurudumu ya kujivuta, zinazotembelea majembe yake yenyewe. Nyepesi, nzuri, na kwenye udongo mbichi ni wazimu mtupu. Majembe yakikosa kuuma udongo, mashine inaruka, inakimbia nayo mikono yako, inakurudia miguuni. Tulipata moja kwa ajili ya kikundi cha watu kumi na wawili, wengi wao akina mama, waliokuwa na bustani kando ya mji na kulima mchicha, bamia, nyanya na vitunguu mvua za masika zikiisha. Mashine moja, watu kumi na wawili, na siku chache za utu. Mnaweza kukisia. Wiki ya kwanza watu wawili wa jumuiya moja ya kanisa, wanaosali rozari pamoja kila wiki, waligombania mikono ya ile mashine mpaka kamba ya kuwashia ikakatika.

Nikaamua kuleta ustaarabu. Nikakaa na rula na kalamu mbili za rangi, nikachora ratiba. Jina, siku, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha. Chini yake nikaandika masharti: asiyeitumia mashine siku ya zamu yake anakwenda mwisho wa foleni; akikosa mara ya pili katika msimu huo huo, anatoka kwenye kikundi, nafasi yake inapewa mwingine. Wakati ule hakuna aliyenipinga. Ugomvi ukaisha siku ile ile. Mwenyekiti wao, Bonifasi, mtu mrefu anayependa maneno yaliyoandikwa, akaibandika ukutani kwake ndani ya fremu iliyokuwa na picha ya harusi ya shemeji yake. Wenzangu wa ofisini wakaiga. Nilijivuna, nakiri.

Kisha nikaanza kukutana na mabonge. Kila mwaka, bustani baada ya bustani, mabonge makubwa kama vichwa vya mbuzi, na katikati yake miche ya nyanya imesimama kwa mguu mmoja. Nikirudi ofisini nakuta mkanda umeungua, sili zimekwisha, na mtu mmoja ameiosha injini ikiwa bado ya moto kwa ndoo ya maji baridi, kwa nia njema. Nilikuwa nagomba mpaka sauti inakauka.

"Mama Tumaini, si nilikufundisha kupima?"

"Ulinifundisha, bibi shamba."

"Ukapima?"

"Nikapima."

"Ukaanguka vipi?"

"Ukaanguka bonge."

"Sasa?"

"Ilikuwa zamu yangu."

Jibu hilo nimelipata kwa sauti za kila aina, ya unyonge, ya ukali, ya mtu anayetafuna muwa. Kila mara nilichukua udongo nikaanza somo upya, kina cha kiganja, finya, dondosha, kama vile tatizo lilikuwa mikononi mwao. Miaka! Nilikuwa mwalimu anayerudia hesabu kwa wanafunzi wanaoijua, kwa sababu hakuwahi kuangalia alichoandika ubaoni.

Verediana aliingia kwenye kikundi baada ya Mama Tumaini kuhamia Mlimba kwa mwanawe. Alikuwa mama wa makamo, mkimya, aliyeanguka na baiskeli bega la kulia likachomoka, likarudishwa vibaya. Jembe la mkono hakuweza kuliinua zaidi ya usawa wa kifua. Bila mashine hakuwa na bustani, na bila bustani alikuwa mtu wa kuomba chumvi kwa wakweze. Hayo aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, bila kunilalamikia, kama mtu anayetaja anuani yake. Bustani yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Maji ya wenzake wote yalipitia kwake kabla ya kwenda mtoni.

Zamu yake ya kwanza ilipofika, alipima. Udongo ukaanguka bonge. Akairudisha mashine kwa Bonifasi haijawashwa, safi, jambo ambalo lilimkera Bonifasi zaidi kuliko kama angeivunja. Wakamwandika mwisho wa foleni. Zamu ikamzungukia tena, na siku mbili kabla yake mvua iliyodhaniwa imekwisha ikarudi kuaga. Akapima. Akairudisha tena.

Mkutano uliitishwa kwenye baraza la Bonifasi. Nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba ni jambo dogo. Verediana alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka, mkono wa kulia mapajani, na mbele yake, juu ya jani la mgomba, kuna bonge la udongo limekaa kama mtuhumiwa wa pili.

"Hatuna ubaya na mama huyu," Bonifasi alianza. "Lakini sheria ni sheria. Mara mbili. Kuna watu wanangoja nafasi."

"Mwenyekiti," akasema Verediana, "na mimi sheria nimeifuata. Bibi shamba alisema bonge lisipopasuka nisiwashe. Hilo hapo. Lidondoshe wewe."

"Mimi sihitaji kudondosha. Nina karatasi."

"Hata mimi basi udongo wangu una homa," akadakia Kalista, jirani yake kwa bustani, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. "Mwaka kesho nitausubiri upone, ninyi mkisubiri mashine."

Watu wakacheka. Verediana hakucheka. Alisema polepole kwamba ile mashine kwenye tope inaruka, na akijaribu kuizuia kwa bega lile, litatoka tena; kwa hiyo waseme tu kama wanataka bustani yake au bega lake.

Bonifasi akaishusha ile fremu ukutani, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Bibi shamba, haya ni maandishi yako. Tusomee wewe, isije ikaonekana nimemwonea."

Nikasoma. Sauti yangu, masharti yangu, kwa kalamu mbili za rangi. Nilipofika kwenye "anatoka kwenye kikundi" nilijaribu kulainisha, nikasema labda mgonjwa apewe msamaha. Kalista akakataa. Ukimsamehe huyu kwa bega, akasema, kesho mwingine ataleta mgongo. Hapo uvumilivu ukaniishia, nikawafokea wote. Nikawauliza ni nani pale aliyewahi kulima udongo mbichi kwa ile mashine, ainue mkono, tuone nani wa kumhukumu mwenzake.

Hakuna aliyeinua.

"Sote, mama," akasema Kalista. "Kila mwaka. Unadhani tulikuwa hatujui kupima? Tunapima, tunaona bonge, tunawasha huku roho inauma. Ukiiacha siku yako, nani atakurudishia? Ungekuwa wewe ungeiacha?"

Ndugu zangu, nimezama kwenye tope mbele ya kijiji kizima, lakini sijawahi kuzama kama siku ile kwenye baraza kavu. Nilikuwa nimewafundisha kuusikiliza udongo, kisha nikawapa karatasi inayomwadhibu anayeusikiliza. Yale mabonge yote niliyowagombeza watu kwa ajili yake, miaka yote ile, yalikuwa yangu.

Nikaomba kalamu, nikaitoa karatasi kwenye fremu, nikafuta safu ya siku kwa mstari mmoja uliopinda. Nikawaambia kuanzia leo zamu haitatokana na tarehe. Anayetangulia ni yule ambaye udongo wake umepasuka. Ambaye haujapasuka hapotezi kitu, anangoja, na hakuna wa kumtoa. Verediana abaki.

"Na nani atajua umepasuka?" akauliza Bonifasi, amekunja uso kwa sababu ya fremu yake tupu.

"Kila mtu ataleta bonge lake hapa asubuhi."

Ilikuwa sheria mbaya, na niliiandika kwa haraka ile ile ya kwanza. Kesho yake yaliletwa mabonge saba, yote yanapasuka kama biskuti, siku ambayo hata njia ilikuwa bado inateleza. La Bonifasi lilikuwa na joto. Kalista akalinusa.

"Mwenyekiti, huu udongo umelala jikoni."

"Umepigwa na jua."

"Jua gani lina majivu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakasirika upya, maana nilikuwa nimechoka. Tukakubaliana jambo ambalo ningepaswa kuliuliza tangu mwanzo kwa wenyewe wenye bustani: hakuna anayejipimia. Jirani ndiye anayeingia kwako pekupeku, anachimba mwenyewe, anadondosha mwenyewe. Mshindani wako ndiye shahidi wako. Kalista ndiye aliyelitoa wazo hilo, akachekea pembeni, kwa kuwa jirani wa Bonifasi, upande wa pili, alikuwa yeye mwenyewe.

Zile bustani za juu zikatangulia, moja baada ya nyingine. Ya Verediana ikabaki. Siku zikapita, wenzake wakaanza kumwagilia miche, yeye bado anafinya bonge. Hakufukuzwa, lakini msimu ulikuwa unamtoka taratibu, na kubaki kwenye kikundi ukiwa huna kilichopandwa ni kubaki jina tu. Nilikwenda kutazama. Maji ya kumi na mmoja wengine yalikuwa yamesimama kwake. Nikawaambia hivyo kwenye baraza, bila kugomba safari hii: kinachomchelewesha huyu ni maji yenu.

Walinung'unika, sana. Kisha asubuhi mbili mfululizo wakaja na majembe na koleo, wakachimba mfereji kutoka pembe ya juu ya bustani yake mpaka kwenye kijito. Bonifasi alichimba sehemu ya chini kabisa, tope mpaka magotini, akitoa pumzi ndefu kila baada ya koleo ili tusikie sote. Maji yakaondoka kwa siku tatu kama wageni wasiotaka kuaga.

Siku ya tano Kalista alivua ndala, akaizunguka bustani yote, akachimba, akafinya, akaliinua bonge usawa wa kiuno, akaliachia. Likapasuka vipande vinne.

"Washa!"

Verediana hakuweza kuvuta kamba, kwa hiyo Kalista akamvutia. Mashine ikashika. Majembe yakauma udongo, ukawa unadondoka nyuma yake mwepesi, wenye rangi ya kahawa iliyosagwa, na mashine ikatembea yenyewe. Hakuisukuma wala kuizuia. Mikono yake miwili ilikuwa imekaa tu juu ya vishikio, bega la kulia limelala mahali pake, na alitembea nyuma ya ule mlio kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni.

Bonifasi alisimama kwenye ukingo wa mfereji, amejiegemeza kwenye koleo, tope limemkauka miguuni. Alitazama mstari mzima ukilimwa mpaka mwisho.

"Mama Verediana," akaita kwa sauti ya kushinda injini, "kumbe ni rahisi hivi?"

Verediana aligeuza mashine kichwani mwa tuta, akaanza mstari wa pili kabla ya kumjibu.

"Si rahisi, mwenyekiti. Ni pakavu."